Sura ya 5: Kerneli Haijui Iko Wapi

Anwani 0x3f201000 haimwambii kitu mtu mwenye Raspberry Pi 3 mezani kwake. Kwa programu inayoamka ndani ya bodi hiyo, namba hiyo ndiyo tofauti ya kusema na kunyamaza. Programu ikiandika herufi moja hapo, herufi hiyo hupita kwenye pini za serial na kutokea kwenye skrini ya kompyuta nyingine iliyounganishwa kwa waya. Ichukue programu hiyohiyo uipeleke kwenye Raspberry Pi ya kwanza, ya mwaka 2012. Kifaa cha serial ni kilekile, kwa muundo uleule, lakini anwani yake ni 0x20201000. Ipeleke kwenye Raspberry Pi 4 ya mwaka 2019, utakikuta 0xfe201000. Bodi hizi tatu ni za ukoo mmoja, chipu zake zote zimetoka Broadcom, na bado kifaa kimehama mara mbili.

Kosa la anwani halipigi kelele. Tuseme programu iliyozoea bodi ya 2012 imejikuta ndani ya Raspberry Pi 3, ikaandika kwenye 0x20201000 kama ilivyozoea. Raspberry Pi 3 ina RAM ya gigabaiti 1, na anwani hiyo inaangukia katikati ya RAM. Herufi itaandikwa juu ya data ya kitu kingine, prosesa itaendelea kana kwamba kila kitu ni salama, na hitilafu itajitokeza baadaye mahali pasipohusiana kabisa na serial. Waliowahi kutafuta kosa la namna hii wanajua linavyoweza kumaliza wiki nzima ya kazi.

Programu inayobeba hatari hiyo kuliko zote ni kerneli, ile sehemu ya mfumo endeshi inayoingia kazini kwanza. Kerneli ndiyo inayogawa RAM, inayoamua programu ipi ipate prosesa na kwa muda gani, na inayoshika vifaa vyote kwa niaba ya programu nyingine. Linux ni kerneli, na imo ndani ya kila simu ya Android. Vitabu vingi vya kompyuta huanza kuisimulia pale inapokuwa tayari imeshika mashine. Sura hii inarudi nyuma kidogo, kwenye swali linalotangulia yote hayo: nani anaiambia kerneli kwamba imo ndani ya mashine gani?

Prosesa yenyewe hujitambulisha, kwa kiasi. Prosesa za Intel na AMD zina amri iitwayo CPUID. Kerneli ikiitoa amri hiyo ikiwa na namba sifuri, Intel hujibu kwa herufi kumi na mbili, GenuineIntel, na AMD hujibu AuthenticAMD. Ikiendelea na namba nyingine, hupata habari za uwezo wa prosesa, pamoja na ukubwa wa kashe zake. Prosesa za Arm zina rejista iitwayo MIDR kwa kazi inayofanana na hiyo. Ukiwa na simu ya Android yenye programu ya terminali, fungua faili la /proc/cpuinfo. Ukikuta implementer ni 0x41 na part ni 0xd03, umekutana na Cortex-A53, kori (yaani kiini cha prosesa) ya Arm iliyoingia kwenye simu nyingi sana za bei nafuu. Kerneli huitumia habari hiyo vizuri. Kwa mfano, matoleo ya mwanzo ya Cortex-A53 yana kasoro iliyosajiliwa na Arm kwa namba 843419, na Linux huisoma MIDR ili ijue kama inahitaji kuikwepa.

Ila kujijua ni jambo moja na kuyajua mazingira ni jambo jingine. Kori hiyo ya Cortex-A53 haiwezi kusema RAM inaanzia wapi na kuishia wapi. Haiwezi kusema wenzake wamelala wapi na wataamshwaje, wala taa ya kijani ya bodi imefungwa kwenye pini gani. Vifaa vya USB na vya PCI vina desturi ya kujitaja: kila kimoja hubeba namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa, na kerneli hupita ikiuliza. Intel, kwa mfano, hujitaja kwa 0x8086. Vifaa vilivyochongwa ndani ya chipu, kama mlango wa serial, kidhibiti cha pini au kidhibiti cha kadi ya SD, havina desturi hiyo. Ni anwani tu zilizokaa kimya, zikisubiri mtu anayezijua aziguse kwa utaratibu unaotakiwa.

Waliokulia kwenye kompyuta za mezani hawakulisikia tatizo hili kwa sababu ya IBM. PC yake ya mwaka 1981 ilinakiliwa kila mahali, na walionakili hawakuthubutu kuhamisha kitu. Mlango wa kwanza wa serial ulibaki 0x3F8, kibodi ikabaki 0x60, na kerneli iliweza kuandikwa kwa kutegemea mazoea hayo. Mazoea yalipoelemewa, Intel, Microsoft na Toshiba walitoa ACPI mwezi Desemba 1996. Katika ACPI mtengenezaji wa bodi huacha majedwali kwenye kumbukumbu yanayoeleza prosesa ziko ngapi na vifaa vimepangwaje, na ndani yake huweka pia vipande vya programu ambavyo kerneli inatakiwa kuviendesha. ACPI imefanya kazi kubwa, na tangu mwaka 2015 Linux inaikubali hata kwenye seva za Arm. Hata hivyo mimi sikubaliani na mchanganyiko huo. Maelezo ya mashine yanapaswa kuwa kitu ambacho mtu anaweza kukisoma, akakikosoa, akakisahihisha, bila kwanza kuendesha programu ya mtu mwingine.

Upande wa Arm hapakuwa na IBM wa kunakiliwa. Tangu kampuni hiyo ilipoanzishwa mwaka 1990 na Acorn, Apple na VLSI, biashara yake ni kuuza miundo ya prosesa. Mnunuzi huchukua kori, akaizungushia vifaa vyake mwenyewe, kwa anwani anazozipenda mwenyewe. Texas Instruments walipanga kwa njia yao, Samsung kwa njia yao, Broadcom kama tulivyoona.

Russell King alipoipeleka Linux kwenye Arm katikati ya miaka ya 1990, utaratibu uliofuata ulikuwa wa kawaida kwa wakati wake. Kila aina ya bodi ilisajiliwa na kupewa namba. Programu ya kuwashia, ile inayotangulia kerneli, iliiweka namba hiyo kwenye rejista r1. Kerneli ikiamka inaisoma namba, inatafuta ndani yake faili la bodi hiyo, na humo inakuta kila kitu kimeandikwa kwa lugha ya C: serial iko hapa, taa iko pini ile, kadi ya SD inatumia katizo namba fulani. Bodi zilipokuwa chache, hapakuwa na tatizo. Kisha zikaja simu za kisasa. Bodi zilizosajiliwa zikafika maelfu, na folda ya arch/arm ikajaa mafaili ambayo kwa kweli hayakuwa programu. Yalikuwa orodha za anwani zilizovishwa nguo za C. Kurekebisha namba moja ya pini kulimaanisha kubadilisha kerneli na kuijenga upya. Kerneli iliyojengwa kwa chipu ya kampuni moja kwa kawaida haikuwaka kwenye chipu ya kampuni nyingine, hata kama kori za ndani zilikuwa zilezile.

Mwezi Machi 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alichoka. Aliwaambia waziwazi watu wa Arm, kwa maneno makali ambayo hayahitaji kurudiwa hapa, kwamba hali hiyo haivumiliki. Kila toleo jipya la kerneli lilikuwa linaletewa rundo la mabadiliko ya bodi yaliyogongana yenyewe kwa yenyewe. Ukali wake ulizungumzwa sana wakati ule. Kwangu, lililo zito zaidi ni jambo alilolionyesha: habari za mashine zilikuwa zimewekwa mahali pasipo pake. Kerneli ilikuwa inabeba tumboni maelezo ya kila bodi iliyowahi kuzaliwa, wakati kila bodi ingeweza kuja na maelezo yake yenyewe.

Dawa ilikuwapo tayari, na ilikuwa ya zamani kuliko ugonjwa. Sun Microsystems, waliotengeneza kompyuta za SPARC, walikuwa na programu ya kuwashia ambayo msanifu wake mkuu alikuwa Mitch Bradley. Programu hiyo iliipa kerneli maelezo ya mashine katika umbo la mti: shina moja, matawi ya prosesa, kumbukumbu na njia za data, na vifaa vikiwa vimening'inia kwenye matawi hayo. Mwaka 1994 mpango huo ukawa kiwango rasmi cha IEEE, namba 1275, kwa jina la Open Firmware. Apple wakautumia kwenye kompyuta zao za PowerPC. Mwaka 2005 Benjamin Herrenschmidt, aliyekuwa akishughulikia Linux kwenye PowerPC, alitenganisha mti na programu ya kuwashia iliyouzaa. Mti ungeweza sasa kubanwa ukawa fungu moja la baiti, ukawekwa kwenye kumbukumbu, na kerneli ikakabidhiwa anwani yake. Hata bodi ndogo isiyoweza kubeba Open Firmware nzima ingeweza kubeba fungu hilo. David Gibson aliandika kompaila ya kugeuza maandishi ya mti kuwa baiti, na Grant Likely akawa miongoni mwa waliosukuma kazi hiyo hadi ikaingia kwenye Arm. Linux 3.7 ya Desemba 2012 ilipoanza kuzikubali prosesa za Arm za biti 64, faili la bodi la C halikuruhusiwa kabisa. Bodi isiyo na mti haikuwa na njia ya kuwaka.

Tuutazame mti wenyewe kwa karibu. Hivi ndivyo kori ya pili ya Raspberry Pi 3 inavyoelezwa katika msimbo chanzo wa Linux, mistari ya kashe ikiwa imeachwa:

cpu1: cpu@1 {
    device_type = "cpu";
    compatible = "arm,cortex-a53";
    reg = <1>;
    enable-method = "spin-table";
    cpu-release-addr = <0x0 0x000000e0>;
};

Mstari wa compatible unataja mtengenezaji na aina. Karibu kila tawi la kifaa lina mstari kama huo, na ndio unaoikutanisha kerneli na draiva, yaani programu inayoendesha kifaa hicho: draiva hutangaza majina inayoyafahamu, kerneli huyalinganisha na yaliyomo kwenye mti. Mstari wa reg unabeba namba ya kori. Haikuchaguliwa kwa kupenda; inapaswa kulingana na namba ambayo kori yenyewe itaitoa kwenye rejista iitwayo MPIDR. Zisipolingana, kerneli itamwita mtu ambaye hayupo.

Mistari miwili ya mwisho ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho hakuna rejista ingeweza kukisema. Prosesa inapoachiliwa kuanza, kori zote nne huamka pamoja. Moja inaendelea na kazi ya kuwasha. Tatu zilizobaki hupelekwa na kiprogramu kifupi kwenye mzunguko wa kusubiri: kila moja inalala, ikiamshwa na ishara inatazama sehemu yake kwenye kumbukumbu, ikikuta sifuri inalala tena. Sehemu ya kori ya pili ni 0xe0. Ya tatu ni 0xe8, ya nne 0xf0. Kerneli ikishajiandaa, huandika kwenye 0xe0 anwani ya mahali inapotaka kori ya pili ianzie, kisha inatoa amri iitwayo SEV, ambayo ndiyo ishara yenyewe. Kori ya pili inafumbua macho, inakuta namba ambayo si sifuri, inaruka kwenda huko. Kuanzia hapo kori mbili zinafanya kazi.

Fikiria sasa kwamba kerneli haikuambiwa habari hiyo. Kumbukumbu ya chini kabisa, ambamo 0xe0 imo, ingeonekana kama RAM nyingine yoyote, na kerneli ingeigawa kwa programu. Siku programu hiyo ikiandika kitu hapo, kori iliyolala ingeweza kuruka kwenda kusikojulikana. Ndiyo maana mti wa Raspberry Pi 3 una mstari mwingine unaoagiza kwamba baiti 4,096 za kwanza za kumbukumbu zisiguswe. Mistari hii miwili, wa kuamsha na wa kulinda, lazima isemwe pamoja, na mwandishi wa mti asiyejua kwa nini mmoja upo anaweza kuufuta akidhani anasafisha.

Simu nyingi hazitumii njia hii. Mti wake huandika psci, maana yake kerneli isiguse kumbukumbu, imwombe msimamizi aliye chini yake, programu ya usalama ndani ya chipu, ambaye ndiye mwenye ruhusa ya kuwasha na kuzima kori. Kori inaweza kuwa Cortex-A53 ileile, na utaratibu wa kuiamsha ukawa tofauti kabisa kwa sababu ya uamuzi wa aliyeunda chipu.

Turudi kwenye anwani zilizoanzisha sura hii. Ukifungua mti wa Raspberry Pi kutafuta serial, hutaikuta 0x3f201000. Utakuta 0x7e201000. Ndani ya chipu vifaa vinahesabiwa kuanzia 0x7e000000, ila prosesa inaviona kuanzia kwingine. Mswahili hahitaji kufundishwa jambo hili. Simu yake ikionyesha 8:00 asubuhi yeye husema ni saa mbili. Wakati ni uleule, tofauti ni sita, na hakosi mkutano maadamu anajua msemaji anahesabu kuanzia wapi. Mti una mstari uitwao ranges unaotaja hiyo tofauti. Kwenye Raspberry Pi 3 unasema:

ranges = <0x7e000000 0x3f000000 0x1000000>

Yaani, kinachoanzia 0x7e000000 kwa hesabu ya ndani ya chipu kinaanzia 0x3f000000 kwa hesabu ya prosesa, kwa urefu wa megabaiti 16. Faili halisi lina kipande kingine baada ya hicho, kwa ajili ya vifaa vya karibu na kori. Kwenye bodi ya 2012 namba ya katikati ni 0x20000000, na kwenye Raspberry Pi 4 inakuwa 0xfe000000. Kwa hiyo serial imeelezwa mara moja tu, katika faili ambalo bodi zote tatu hulichukua, na kuhama kwake kote kumebebwa na mstari mmoja. Linganisha na enzi za mafaili ya C, utaona kwa nini watu walikubali taabu ya kuhama.

Kuna maelezo mengine ya prosesa ambayo yamepata uzito tangu simu zianze kuwa na kori za aina mbili. Mwezi Oktoba 2011 Arm walitangaza mpango wa big.LITTLE: kori kubwa za kazi nzito na kori ndogo za kazi nyepesi ndani ya chipu moja, ili betri isiishe haraka. Kerneli inayodhani kori zote ni sawa itapeleka video kwenye kori dhaifu na kuiachia kori yenye nguvu kazi ya kuangalia saa. Kwa hiyo mti hutaja uwezo. Chipu ya Rockchip RK3399 ina kori nne za Cortex-A53 na mbili za Cortex-A72. Katika mti wake, kila Cortex-A72 imepewa uwezo wa 1024 na kila Cortex-A53 imepewa 485. Hizo ni namba kwa kila megahezi, hivyo kerneli huzizidisha kwa mwendo wa juu kabisa wa kila kori. Kori ndogo ikifika megahezi 1,416 na kubwa 1,800, hesabu inatoka kwamba ndogo ina takribani asilimia 37 ya nguvu ya kubwa. Mpangaji wa kazi ndani ya kerneli huanzia hapo, na tangu Linux 5.0 ya mwaka 2019 anaweza pia kuzingatia nishati ambayo kila kori inatumia.

Namba 485 haikutoka kwenye rejista yoyote. Namba ya namna hii hupatikana kwa kuendesha programu ya kupimia kwenye kori ndogo, kuiendesha kwenye kori kubwa, kisha kugawanya. Mti umejaa kazi ya aina hii, kazi ya watu waliopima na kufuatilia nyaya kwenye mchoro wa bodi. Inastahili heshima kuliko inavyopewa, kwa sababu kosa lake haliishii kwenye skrini. Mti hutaja pia volti zinazoruhusiwa kwa kila sehemu, na kerneli huziamini. Volti ikiandikwa kubwa kuliko chipu inavyostahimili, chipu inaweza kuungua.

Kukabidhiana kwenyewe ni kwepesi. Programu ya kuwashia huweka mti uliobanwa kwenye RAM, na kwenye Arm ya biti 64 huweka anwani yake kwenye rejista x0. Fungu hilo halitakiwi kuzidi megabaiti 2, na huanza na namba 0xd00dfeed, ambayo kerneli huitazama kwanza ili ihakikishe imepewa mti kweli. Kwenye prosesa za RISC-V, ambazo ni ukoo mwingine, hufanyika vivyo hivyo kupitia rejista a1.

Waliounda utaratibu huu wanashikilia kanuni moja ambayo wageni huiona ya ukaidi: mti ueleze vifaa vilivyo, usieleze jinsi Linux inavyovitumia. Mtu akileta sifa mpya yenye maana ya "draiva ifanye hivi", hurudishwa akaeleze ni kitu gani katika chipu kinachosababisha hitaji hilo. Nawaunga mkono. FreeBSD, U-Boot na Zephyr, ambazo si Linux, nazo husoma miti, na mti ulioandikwa leo unatakiwa uendelee kuiwasha bodi yake kwa kerneli ya miaka ijayo ambayo hakuna anayejua itaandikwaje. Siku hizi sheria za matawi mengi zimeandikwa kwa YAML, na mti hukaguliwa kwa mashine kabla ya binadamu kuupitia.

Huenda msomaji ameshawahi kuubadilisha mti bila kujua. Mwanafunzi anayeunganisha kihisi cha joto cha DS18B20 kwenye Raspberry Pi huambiwa aongeze mstari dtoverlay=w1-gpio kwenye config.txt. Mstari huo hupandikiza tawi jipya kwenye mti kabla kerneli haijaamka, likisema kwamba kwenye pini ya GPIO namba 4 kuna njia ya waya mmoja. Kihisi hakijabadilika na kerneli ni ileile. Kilichoongezeka ni taarifa, na bila taarifa hiyo kihisi kingekaa hapo milele bila kusomwa. Bodi ikishawaka, mti wote unaonekana kwenye /proc/device-tree, na ukisoma faili la model lililomo humo utakuta jina la bodi yako.

Hapo ndipo suala hili linapotoka kwenye maabara na kuingia mifukoni mwetu. Simu nyingi za Android zinazouzwa Kariakoo na Luthuli Avenue zina kerneli ambayo mtengenezaji aliinakili, akaiongezea mti wake na draiva zake, kisha akaendelea na simu inayofuata. Leseni ya Linux, GPL toleo la 2, inamtaka anayesambaza kerneli awape waliopokea msimbo chanzo wake. Wapo wanaotimiza, wapo wanaochelewa, wapo wasiotoa. Masasisho yakikoma baada ya miaka michache, simu bado ni nzima: kioo kizuri, prosesa nzuri, RAM nzuri. Inayokosekana ni karatasi inayoieleza. Bila karatasi hiyo, hakuna kerneli mpya inayoweza kuingia ndani yake, na matundu ya usalama yanabaki wazi kwenye simu ambayo mwenyewe anatunzia pesa.

Wapo wanaoziandika karatasi hizo upya. Mradi wa postmarketOS, uliotangazwa mwaka 2017, unawakutanisha watu wanaozifufua simu za zamani kwa njia hii. Samsung Galaxy A5 ya mwaka 2015 ina Snapdragon 410 ya Qualcomm, kori nne za Cortex-A53, aina ileile iliyomo kwenye Raspberry Pi 3, na mti wake umo leo katika kerneli kuu ya Linux. Kazi kubwa zaidi ilifanyika kwa Apple M1. Apple hawakuchapisha maelezo ya kuiwashia Linux kwenye chipu hiyo, lakini kompyuta zao bado hubeba ndani mti wa aina yao, urithi wa siku za Open Firmware. Hector Martin na wenzake wa Asahi Linux waliandika programu ya kuwashia inayousoma mti huo na kuipa Linux mti inaoufahamu. Linux 5.13 ya mwaka 2021 ikaingia na maelezo ya kwanza ya M1. Kori zake huamshwa kwa spin-table, njia ileile ya Raspberry Pi 3, kwa sababu M1 haina ile ngazi ya msimamizi wa chini ambayo psci huhitaji.

Kwa hiyo ninao ushauri kwa wanaonunua bodi kwa ajili ya shule, vyuo, mashamba na hospitali zetu. Kabla ya kuuliza bei, uliza kama mti wa bodi hiyo umo kwenye kerneli kuu. Jibu linapatikana bure: kwa bodi za Arm za biti 64, limo ndani ya folda ya arch/arm64/boot/dts, kwa majina ya watengenezaji. Usipoiona bodi yako humo, mtake muuzaji akupe faili la .dts pamoja na risiti, na akikataa, nunua kwingine. Nanyi wanafunzi wa kompyuta mnaotafuta mradi wa mwisho wa masomo: chukueni simu ya zamani ambayo mtengenezaji wake ameisahau, tafuteni jirani yake wa chipu moja ambaye tayari ana mti, muanze na kori, RAM na serial. Ikishaandika herufi ya kwanza kwenye skrini ya kompyuta yenu, pelekeni mti huo kwenye kerneli kuu, mpate kusahihishwa, muurudishe tena mpaka ukubaliwe.